Harusi tatu mwezi mmoja, mtoto ana miezi mitano, mume yuko Kasumbalesa. Nashika lipi naacha lipi?

mama_ilomba

Habari za jioni wakuu. Naenda moja kwa moja maana mtoto ndo kalala na sijui nina dakika ngapi.

Mi niko Ilomba hapa Mbeya, ni afisa mikopo kwenye kampuni moja hivi sitaitaja, vikundi vyangu viko Mbarali, yaani Igurusi, Chimala mpaka Rujewa, kwa hiyo siku tatu za wiki niko barabarani na mbili ofisini. Mume wangu anaendesha lori la Kongo. Wenye waume wa kazi hiyo wananielewa, akishavuka Tunduma humhesabu tena, anaweza kurudi baada ya wiki tatu au mwezi na nusu, inategemea foleni ya mpakani Kasumbalesa imeamkaje. Mtoto ana miezi mitano. Nina dada wa kazi kutoka Kilolo huko Iringa, binti mtulivu, mtoto anampenda kuliko anavyonipenda mimi (natania, ila sio sana).

Sasa sikilizeni mwezi huu wa tisa ulivyokaa. Alhamisi ijayo kuna sendofu ya mwenzangu wa ofisini, hapa hapa mjini. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo mtoto wa baba mdogo wa mume wangu anaoa Tukuyu, na mume ndo hivyo hayupo, kwa hiyo mimi ndo sura ya nyumba. Halafu Jumamosi inayofuata rafiki yangu wa chuo anaolewa Iringa na mimi ndo msimamizi wake. Michango tu, sendofu 50,000, Tukuyu 150,000 maana ni familia, Iringa 100,000 bado gauni la usimamizi na sare ya kicheni pati ambayo sikwenda lakini kitambaa nililipia.

Kabla hamjaniambia acha kusimamia, huyu mtu 2021 alikuja kwetu Makambako siku tatu kabla ya harusi yangu, akalala chini kwenye mkeka na shangazi zangu, akamenya viazi mpaka vidole vikawa vyeusi. Asubuhi ya harusi zipu ya gauni ikakatika, gari liko nje linapiga honi, yule dada akachukua sindano na uzi mweupe akanishonea gauni mwilini. Usiku tukaja kulikata na wembe. Namwambiaje mtu kama huyo eti nina mtoto mdogo?

Na kazini nako mwisho wa mwezi, marejesho ya vikundi yamelala, bosi kishaniambia mwezi huu sio wa ruhusa. Naombeni mawazo, matusi pelekeni kwenye siasa.

Mzee wa Kabwe

Mbona rahisi. Mtoto mwachie dada, we nenda Iringa kasimamie, Jumapili umerudi. Mnapenda kugeuza kila kitu kikao.

fundi_rangi

Mzee wa Kabwe lini umewahi kulala peke yako na mtoto anayenyonya? Au unadhani dada ana maziwa

Mzee wa Kabwe

Si kuna ya kopo

nesi_mstaafu

Msimpoteze mwenzenu. Mtoto wa miezi mitano bado yuko kwenye maziwa ya mama pekee, hata maji hapewi mpaka afike miezi sita, kopo usilianze kwa sababu ya sherehe ya siku moja. Kinachowezekana ni kukamua, na hii hata siku zako za Chimala itakusaidia. Nawa mikono kwanza, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Yakikaa kwenye hewa ya kawaida isiyo ya joto ni masaa 4, kwenye friji siku 4, ukigandisha mpaka miezi 6. Kuyapasha usiweke jikoni, chovya chombo kwenye maji ya moto basi. Yakisimama yanajigawa, mafuta yanapanda juu, watu wanadhani yameharibika wanamwaga, we tikisa taratibu yatachanganyika. Na anyweshwe kwa kikombe kidogo, sio chupa, chupa za nyonyo ndo zinatuletea watoto wa kuhara.

Anza leo kumzoesha, usisubiri siku ya safari. Wengine wakionja kikombe mara ya kwanza wanakutemea usoni.

Ukumbini sasa, zile spika sio za mtoto. Kama lazima aende basi akae nje.

binti_Rungwe

Mi nizungumzie Tukuyu maana ndo kwetu. Dada yangu, harusi ya kwetu ukikosa ukatuma mchango kamili na kitenge cha mama mkwe watanuna wiki moja watasahau. Msiba ndo usikose. Harusi ukikosa wanasema alibanwa, msiba ukikosa wanakuandika na wajukuu watasimuliwa.

Kingine, we ni Mbena nahisi kama umesema Makambako, sijui kama walikueleza vizuri mambo ya mkwe. Kule vijijini bado kuna wazee wanashika, mke wa mtoto haruhusiwi kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Siku ya sherehe wakwe wako kila kona, ndugu za baba mkwe nao ni wakwe. Mwaka juzi wifi yangu, yeye Mkinga, kaja na mtoto wa miezi mitatu, kila akitaka kupita anaambiwa rudi mkwe anakuja, mwisho kajificha nyuma ya migomba na mtoto mgongoni na mvua inanyesha, na mvua ya Tukuyu mnaijua haina msimu wa kupumzika. Mtoto alikohoa wiki mbili. Tuma hela, tuma kitenge, mpigie mama mkwe MWENYEWE kwa simu kabla hujatuma, usimtume wifi.

mama_ilomba

binti_Rungwe ni Mbena ndiyo 😂 na hilo la wakwe nilikutana nalo siku ya kwanza tu naenda kutambulishwa, nilikuwa najua nimeandaliwa chakula kumbe nimeandaliwa mlango wa nyuma. Asante, Tukuyu umenitua mzigo.

Nesi nimeanza leo, kakitema kikombe chote, kamelowa mpaka soksi.

sheria_mkononi

Mleta uzi umesema bosi kakwambia sio mwezi wa ruhusa, lakini kuna kitu hujaulizwa hapa. Masaa yako ya kunyonyesha unayapata? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 33, likizo ya uzazi siku 84 na malipo, mapacha siku 100, hiyo najua ulipata. Lakini humo humo imeandikwa mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Sio fadhila. Na baba ana siku zake 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, wengi hata hawaombi.

mama_ilomba

Siku 84 nilipata zote sidanganyi. Hayo masaa mawili nilipouliza nikajibiwa "sasa ukiwa Rujewa utanyonyesha nini, pikipiki?" watu wakacheka na mimi nikacheka. Siku za ofisini huwa natoka saa sita nawahi bajaji hadi nyumbani narudi saa nane kasoro, nilikuwa naona nimehurumiwa kumbe ni haki. Siku za Mbarali ndo natoka alfajiri narudi jioni kifua kama mawe, nakamua chooni kwenye ofisi za kijiji namwaga. Namwaga jamani. Mtu unamwaga chakula cha mwanao kwenye tundu la choo halafu unatoka nje unatabasamu unauliza mama mwenyekiti, kikundi kimeleta shilingi ngapi.

fundi_rangi

Dah

sheria_mkononi

Andika barua, fupi, taja kifungu, omba wakupangie vikundi vya karibu mpaka mtoto afike miezi kadhaa. Usiongee kwa mdomo. Mdomo unachekewa, barua inawekwa kwenye faili.

Kijana wa Mwanjelwa

Swali la kijinga, mama yako si yuko Makambako? Na Makambako si ndo njiani kwenda Iringa? Si unamshusha mtoto hapo

mama_ilomba

Kijana wa Mwanjelwa sio la kijinga, nimelifikiria sana. Mama analea wajukuu watatu wa kaka yangu na ana kibanda chake sokoni, na toka Makambako mpaka Iringa bado ni mbali, kifua hakitasubiri. Pia mama yangu namjua, nikirudi nitakuta mtoto kashalambishwa uji.

Mnyalu Original

Kamwene. Mbona mnazunguka. Dada anatoka Kilolo, harusi iko Iringa mjini, nenda NAYE. Yeye anakaa na mtoto nje kwenye gari, we unasimamia, kila baada ya muda unatoka unanyonyesha. Ndo tunavyofanya wote.

Mama Wawili

Mnyalu usimdanganye mwenzio. Ukimpeleka dada Iringa umempeleka kwao, hurudi naye. Mi wangu alisema anakwenda kumsalimia bibi mgonjwa Mufindi, hadi leo huyo bibi anaumwa.

Mzee wa Kabwe

😂😂 bibi wa Mufindi haponi wala hafi

Mnyalu Original

Cheka tu. Ila mleta uzi nikuulize, huyo binti mara ya mwisho kwenda kwao ni lini?

mama_ilomba

Ngoja nimuulize.

mama_ilomba

Nimerudi. Mwezi wa saba mwaka jana. Yaani mimba yenyewe ya huyu mtoto ilikuwa haijajulikana. Nilikuwa nimekaa jikoni namuuliza huku anakuna nazi, kanijibu bila kuinua kichwa, "mwezi wa saba ule, dada, wa mwaka jana", akaendelea kukuna.

Halafu nimekumbuka kitu kimenikaa vibaya. Mwezi wa sita mdogo wake alikuwa na kipaimara, aliniomba siku nne. Nikamwambia subiri kwanza mtoto akaze shingo. Mtoto kakaza shingo, kageuka, sasa hivi anataka kukaa, na mimi sikuwahi kulirudia lile neno na yeye hakuwahi kuuliza tena.

sheria_mkononi

Na yeye ni mfanyakazi, sheria ni ile ile. Likizo ya mwaka siku 28 na malipo. Uzi mzima tunatafuta haki zako zinabaki mlangoni kwako.

Mama Wawili

Sheria za kwenye karatasi hizo bwana, we mpe likizo uone kama utamwona tena

Mnyalu Original

Mama Wawili wewe wako hakurudi kwa sababu ndo nafasi pekee aliyoipata ya kutoka. Ukifungua mlango mara moja kwa mwaka mtu akitoka anakimbia.

Mama Wawili

Haya mwalimu

mama_ilomba (MREJESHO)

Wakuu samahani kwa kimya, mliokuwa mnanitag nimewaona. Leo ni Alhamisi, harusi ya Iringa ilikuwa Jumamosi. Nawapa kama ilivyokuwa.

Sendofu nilienda saa moja, nikamtunza bibi harusi, nikaaga kabla ya keki. MC akaniona natoka akasema kwenye maiki "huyo anakimbia zamu ya mchango wa mwezi ujao". Nilicheka nikaendelea kutembea.

Tukuyu nilimpigia mama mkwe kama binti_Rungwe alivyosema. Alikaa kimya muda, nasikia kuku nyuma. Halafu akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akauliza mtoto ana meno? Basi. Mpaka leo sijui kama kanuna ila kitenge kakipokea.

Iringa. Tulipanda basi Uyole Ijumaa alfajiri, mimi, dada, mtoto na begi moja ambalo robo tatu lilikuwa la mtoto. Ukungu Inyala pale huoni taa ya gari la mbele, malori yamepangana, na mimi kila nikiona lori namfikiria baba yake. Mtoto alilala mpaka Igawa. Dereva aliposimamisha watu wachimbe dawa sisi tukashuka kubadilisha pampasi, upepo unapeperusha kila kitu, dada kashika kanga kama pazia, abiria mmoja mzee akatusogelea akageuza mgongo akasimama tu hivyo kutukinga. Hakusema neno. Makambako mama alikuwa kwenye barabara na ndizi mbivu na busu za dirishani, dakika tatu basi likaondoka. Stendi ya Igumbilo tumefika mchana, tukapanda bajaji hadi Kihesa kwa kina bibi harusi.

Kanisani kulienda vizuri. Picha Gangilonga kwenye lile jiwe ndo mateso, visigino vya usimamizi na mwamba havielewani, nilipanda peku nimeshika viatu mkono mmoja na mkia wa gauni la bibi harusi mkono mwingine.

Ukumbini ndo pakaharibika. Nilinyonyesha saa kumi na moja kwenye gari, nikajua nina muda. MC akachelewa, maharusi wakachelewa, tukaingia saa mbili na nusu kwa ile staili ya kucheza hatua mbili mbele moja nyuma mpaka high table. Gauni langu ni satini ya dhahabu. Satini haifichi siri. Katikati ya ukumbi nikasikia kifua kimefunguka, nikaangalia chini, mduara huu na mduara huu, vinakua. Nikapandisha ua la bibi harusi nililokuwa nimemshikia nikalikumbatia kifuani nikaendelea kucheza kama ndo nilivyofundishwa. Kwenye video nitaonekana nina mapenzi sana na maua.

Tulipokaa tu nikachomoka. Nje baridi ya Iringa ile ya usiku, Noah imefunikwa kioo na mvuke, dada ndani kamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko anamuimbia, mtoto macho kodo. Maziwa niliyokamua kashamaliza kikombe kizima bila kutema, nesi Mungu akubariki. Sasa nataka kunyonyesha, zipu iko mgongoni, na imekwama. Nikahisi machozi. Dada akasema geuka, akaing'ata kichwa cha zipu kwa meno akaivuta. Nilikaa pale nimejifunika kanga yake nikanyonyesha, kwa mbali nasikia MC anamtafuta msimamizi. Yeye ndo akaniambia "rudi dada, wamefika kwenye zawadi, rafiki yako anaangalia mlangoni". Akanitoa kanga akanipa niivae juu ya gauni kama mtandio. Nilirudi ukumbini na kanga ya dada wa kazi juu ya satini, na bibi harusi aliponiona alicheka mpaka mpambaji akaja kumfuta wanja.

Jumapili asubuhi pale Kihesa nilimpa mshahara wake wa mwezi na nauli ya kwenda na kurudi, nikamwambia nenda kwenu wiki mbili. Mama Wawili najua unasoma hapa. Alisimama pale na mtoto mkononi, akaniuliza "na huyu utamfanyaje Jumatatu?" Nikamwambia ntajua. Sikuwa najua. Akanionyesha upande mtoto anaolalia vizuri, eti kulia, kushoto anabanwa na gesi. Miezi mitano sikuwa najua hilo.

Nikarudi Mbeya peke yangu na mtoto kwenye mbeleko, begi mguuni. Sitaki kuongelea hiyo safari.

Kazini nimeandika barua, kifungu cha 33 nimekitaja. Bosi aliisoma akaiweka mezani akasema tutaona. Leo wamenitoa Rujewa, wamenibakishia Igurusi na vikundi viwili vya mjini, hajasema kama ni kwa sababu ya barua na mimi sijauliza. Siku tano hizi nimekata kwenye likizo yangu ya mwaka. Jirani mmoja ananishikia mtoto nikienda kuoga. Mume kapiga jana, yuko namba sitini na kitu kwenye foleni, akauliza harusi ilikuwaje nikamwambia ukirudi utaangalia video.

Mama Wawili

Dada kapiga simu?

mama_ilomba

Kapiga mara moja, juzi usiku. Kauliza mtoto kalalia upande gani. Nikamwambia kulia. Akasema mahindi ya kwao yameshavunwa na mdogo wake kamwonyesha picha za kipaimara. Nikamuuliza anarudi lini akasema Jumapili ile nyingine, basi la asubuhi.

Mzee wa Kabwe

Bibi wa Kilolo anaumwa subiri tu 😂

mama_ilomba

Mzee wa Kabwe hiyo Jumapili saa nane mchana mi nitakuwa Uyole stendi na mtoto. Ukitaka kuja kushuhudia njoo, utanishikia begi.